Je, Wadai Haki Wamepita Mpaka?

Mizani ni chombo cha haki kwa sababu ina vitanga viwili. Muuzaji akiweka bidhaa katika kitanga kimoja wala asiweke jiwe katika kitanga cha pili, huyo hapimi, anakisia. Neno moja limeenea katika soko la Kitale, katika matatu ziendazo Bungoma, katika nyumba za ibada na hata katika vyumba vya walimu: kwamba watu wanaodai haki sawa kwa wale wapendao watu wa jinsia yao, na kwa wale ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wamepita mpaka. Neno hilo hutiwa katika kitanga kimoja, kitanga kikashuka, na watu wakaridhika kwamba wamepima. Insha hii yakusudia kutia jiwe katika kitanga cha pili.

Haifai kusema mtu amepita mpaka kabla ya kuonyesha mpaka uko wapi. Sisi wa Kwanza twalijua jambo hili vizuri, maana tunaishi kwa mahindi, na mahindi huota ardhini, na ardhi ina majirani. Mtu akilalamika kwamba mwenzake amemega shamba lake, mpima ardhi haulizi nani anapiga kelele zaidi. Hulitafuta jiwe la mpaka. Akiliona, ugomvi hukatika hata kama mmoja wa wagomvi ni tajiri na wa pili ni maskini, hata kama mmoja ana ndugu ishirini na wa pili ni mjane asiye na mtoto.

Jiwe letu la mpaka katika Kenya ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 chasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 28 chasema kila mtu ana utu wa asili na utu huo uheshimiwe. Kifungu cha 32 humpa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 36 humpa kila mtu haki ya kuungana na wenzake. Kifungu cha 45 chasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake. Basi na tuwatazame wadai haki kwa matendo yao, tuone ni wapi waliposimama na ni wapi walipovuka.

Katika mwaka 2012 wakili mmoja, Eric Gitari, aliomba kusajili shirika la kutetea haki za watu hawa. Halmashauri iliyohusika na mashirika yasiyo ya serikali ilikataa, ikalikataa hata jina lenyewe. Wakili huyo hakushika rungu, alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikafuata mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema kwamba kuwanyima watu haki ya kuungana kwa sababu tu ya mwelekeo wao wa mapenzi ni kuvunja Katiba. Angalia kilichoombwa: kuandikwa katika daftari, kama vile vyama vya wakulima na vya akina mama huandikwa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kukipata.

Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume na kuufaulu vema, aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina katika cheti chake ili lifanane na mwanamke anayeonekana mbele ya kila mwajiri. Baraza lilikataa, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaliamuru litoe cheti kipya chenye jina jipya kisichotaja jinsia. Ninyi wanafunzi mnajua cheti ni nini. Mnajua kwamba mtu asiye na cheti kinachomtambulisha ni kama mtu aliyelima, akapalilia, akavuna, kisha akafungiwa mlango wa ghala yake mwenyewe. Huyo naye aliomba nini? Matunda ya mtihani alioufanya.

Katika mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Ukunda, pwani, wakachunguzwa maungoni pasipo hiari ili miili yao iwe shahidi dhidi yao. Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema hapana kosa. Mwezi wa Machi mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisema kosa lipo na utu wao ulivunjwa. Waliomba nini watu hao? Kwamba mwili wa mtu usifunguliwe kwa nguvu kama kabati la mshukiwa wa wizi.

Kisha kuna dai kubwa kuliko hayo. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 162, huweka kifungo cha miaka kumi na minne kwa tendo iliitalo kinyume cha maumbile, na kifungu cha 165 huweka kifungo cha miaka mitano kwa wanaume. Wadai haki waliomba vifungu hivyo vifutwe kwa watu wazima wenye kuridhiana faraghani. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa. Walioshindwa walilia, wakafuta machozi, wakakata rufani. Hawakuchoma gari, hawakumpiga mtu jiwe. Kama kwenda mahakamani, kushindwa, na kurudi mahakamani ni kupita mpaka, basi sijui raia mwema afanye nini apate kuitwa raia mwema.

Hayo ndiyo matendo. Sasa natia katika mizani jambo ambalo sikulisoma katika kitabu.

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, mvulana mmoja wa darasa letu alikutwa na barua sandukuni mwake. Sikuisoma barua ile, na katika wote walioisimulia sikupata kukutana na mmoja aliyeisoma. Ilisemekana kwamba ilikuwa ya mapenzi na kwamba aliyeandikiwa alikuwa mvulana. Siku ya pili yule kijana alitajwa mbele ya gwaride la asubuhi, akabeba sanduku lake kichwani, akapita katikati yetu mpaka langoni. Hakuna aliyemwuliza swali. Hakuna mzazi aliyeitwa. Wengine walizomea. Mimi, ambaye alikuwa akinifundisha hesabu za aljebra jioni baada ya mlo, sikuzomea. Nilitazama viatu vyangu. Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba sikuzomea. Nilipokwisha kuwa mwalimu ndipo nilipofahamu kwamba kwake yeye, kutoka pale alipopita, kimya changu na mazomeo ya wenzangu vilikuwa kitu kimoja.

Hakufanya mtihani. Nilimkuta baadaye Kitale akipakia magunia ya mahindi katika lori. Aliniita mwalimu, kwa adabu, akaniuliza habari za kazi. Hakuitaja shule, nami sikuithubutu. Mpaka leo sijui kama yale yaliyosemwa juu yake yalikuwa kweli, wala sitaki kujua, kwa maana katika swali la haki hayana uzito. Kama yalikuwa uongo, alionewa kwa uongo. Kama yalikuwa kweli, kijana mwenye akili kuliko yangu alinyimwa elimu kwa sababu ya jambo ambalo halikumdhuru yeyote katika sisi. Mtu aniambie ni nani aliyepita mpaka siku ile: mwenye barua, au sisi.

Najua majibu yatakayotolewa, nami nayaheshimu, kwa kuwa hutolewa na watu ninaowapenda. Nitayatazama moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba leo wanaomba kuandikishwa na kesho wataomba ndoa. Kesi nilizozitaja hazikuomba ndoa hata moja. Waombaji wa mwaka 2019 walisema wazi kwamba hawaiombi. Kifungu cha 45 kipo, na wakitaka kukibadili siku moja watapaswa kuwaendea wananchi kama mtu mwingine yeyote atakaye kubadili Katiba. Kumwadhibu mtu leo kwa dai unaloliogopa kesho ni kumfunga jirani kwa sababu umeota kwamba ataiba kuku.

Jibu la pili ni kwamba mambo haya ni ya kigeni. Sisemi kwamba wazee wetu waliyasifu mapenzi ya namna hii, sitawasingizia wazee. Nasema tu kwamba sheria inayoyaadhibu ndiyo ya kigeni kwa nasaba isiyokanika. Maneno yake yalitungwa na Waingereza katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, kanuni iliyotumika hapa kwetu mpaka ilipowekwa Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Katika Uingereza kwenyewe, kamati ya Wolfenden ilishauri mwaka 1957 kwamba mambo ya faragha ya watu wazima si kazi ya polisi, na bunge lao likaifuta sheria hiyo kwa Uingereza na Wales mwaka 1967. India imeacha kuwaadhibu watu wazima wenye kuridhiana tangu mwaka 2018. Msumbiji imeanza kutumia kanuni mpya isiyo na adhabu hiyo mwaka 2015. Botswana imeiondoa kwa hukumu ya mwaka 2019 iliyothibitishwa mwaka 2021. Aliyetuvika shati hili amekwisha kulivua zamani. Sisi tumelishika kwa mikono miwili na kuliita ngozi yetu.

Jibu la tatu ni la watoto, nalo kwa mwalimu ndilo zito kuliko yote. Husemwa kwamba haki hizi zikitolewa watoto wataharibiwa. Mtoto wa Kenya halindwi na kifungu cha 162. Analindwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo humlinda mvulana sawasawa na msichana, wala haimwulizi mharibifu kama ni mwanamume au mwanamke. Hakuna mdai haki katika kesi hizo aliyeomba sheria hiyo iguswe. Nami niongeze la kazi yangu: wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba katika vijiji vyetu hawakutiwa mimba na watu wanaopenda jinsia yao. Anayetaka kwa dhati kuwalinda watoto ana kazi tele, aianze pale moto unapowaka.

Jibu la nne ni kwamba wengi hawataki, na nchi ni ya wengi. Jibu hili lingefaa kusemwa mahali pengine popote, lakini si Trans Nzoia. Hapa kwetu twakaa Wabukusu na Wasabaoti, Wapokoti na Wanandi, Wakikuyu na Waturkana, na walio wengi katika kata moja huwa wachache katika kata nyingine. Mapigano ya ardhi ya mwaka 1991 na 1992 yalifika Endebess, hapo jirani. Watu waliambiwa na wengi wa mahali pale kwamba hapa si kwenu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 neno lile lile lilirudi. Waliokimbia usiku na watoto mgongoni hawakuuliza kama wengi wamekubali. Waliuliza kama sheria ipo. Basi mtu wa huku asemaye kwamba haki ni mali ya wengi anaichoma nyumba ambayo huenda akaihitaji kesho kulala.

Nimewajibu wapinzani wao. Sasa yanipasa niseme na wadai haki wenyewe, kwa kuwa mizani yangu nayo ina vitanga viwili. Kuna pahali wao, au wanaosema kwa ajili yao, hupita mpaka.

Hupita mpaka wanapoyapindisha ya kale. Wako wasemao kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke iliyojulikana kwa Wanandi na makabila mengine ni ushahidi kwamba mila ziliyakubali mapenzi haya. Sivyo. Ndoa ile ni ya mwanamke asiye na mwana wa kiume, apate mrithi na jina lake lisizimike. Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua kwa maana hiyo hiyo ya urithi mwaka 2011. Mila ile yafundisha jambo moja la haki, kwamba wazee walijua kuifanya familia iwe pana kuliko tulivyodhani. Asiyetosheka na hilo akaongeza lisilokuwamo, anaidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Hupita mpaka pia pale nchi za nje zinapotaka kutufundisha haki kwa kufunga mfuko. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda kwa sababu ya sheria ya nchi hiyo, na karibu miaka miwili ikapita kabla ya kurejea. Mbunge aliyeipigia kura sheria ile hakulala njaa. Mzigo wa adhabu ya namna hiyo huwaangukia wagonjwa na wanafunzi, na lawama huwaangukia wale wale waliokusudiwa kuokolewa, wakaitwa watu waliouzwa kwa fedha. Haki iletwayo kwa fimbo ya mgeni huchukiwa hata ikiwa ni haki.

Na tena hupita mpaka wanapomwita kila muumini mtu wa chuki. Kifungu cha 32 ni jiwe la mpaka kama kifungu cha 27. Kanisa na msikiti vina haki ya kufundisha kwamba jambo fulani ni dhambi na kukataa kulibariki. Hakuna mahakama ipasayo kumlazimisha padri, mchungaji wala shehe. Lakini dhambi ni shauri la mtu na Mungu wake, na jela ni shauri la mtu na serikali. Anayezichanganya mbili hizi ataamka siku moja akute serikali imeketi mimbarini.

Hayo ni makosa, nami sikuyafunika. Sasa yawekwe katika kitanga yalinganishwe na makosa ya upande wa pili. Kutoka Kwanza mtu akisafiri mpaka Suam atavuka akaingia Uganda. Huko, kwa sheria ya mwaka 2023, tendo moja laweza kumtia mtu gerezani maisha, na katika hali nyingine laweza kumwua. Na mtu akihukumiwa kwamba ametangaza au kuunga mkono mambo haya, aweza kufungwa mpaka miaka ishirini. Sheria hiyo iliwalazimisha hata watu kuwashitaki jirani na jamaa zao, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta kifungu hicho mwezi wa Aprili mwaka 2024. Sehemu kubwa iliyobaki iliiacha isimame. Katika kitanga kimoja mna maneno makali, historia iliyopindishwa na mashinikizo ya wafadhili. Katika kitanga cha pili mna kamba, jela ya maisha na mama aliyeamriwa kumshitaki mwanawe. Ambaye baada ya kuyaona haya bado asema kwamba waliopita mpaka ni wadai haki, ana mizani yenye kitanga kimoja.

Vijana wasomaji, sikuwaandikia insha hii ili mpende msichokipenda. Moyo wa mtu hauendeshwi kwa insha. Bakieni na dini zenu, na mila zenu, na mafunzo ya wazazi wenu. Wabukusu wana desturi njema, khuswala kumuse, ambapo baada ya mzee kuzikwa mnenaji husimama mbele ya wafiwa wote, akawaonya na kuwapatanisha, na watu humsikiliza mpaka mwisho, hata wale ambao maneno yake yanawachoma. Hicho ndicho kiasi ninachowaomba: kumsikia mtu mpaka mwisho kabla ya kumhukumu, na kutomnyima mtu kile ambacho ninyi wenyewe msingekubali kunyimwa.

Ipo siku, huenda ikawa mwaka huu, ambapo sanduku la mwenzenu litafunguliwa na jina lake litatajwa mbele ya gwaride. Siku hiyo hamtaulizwa maoni yenu juu ya Katiba wala juu ya Benki ya Dunia. Mtakuwa na nafasi ndogo tu, ya dakika moja au mbili, ya kuinua mkono na kusema, "Mwalimu, naomba aulizwe kwanza." Mimi nilikuwa na dakika hizo mbili, nikazitumia kutazama viatu vyangu.